Vivuli vya watu wasiojuana vyafumbua fumbo la pamoja

WAPITA njia waliokatiza uwanja wa Schouwburgplein jijini Rotterdam, Uholanzi, usiku mmoja wa mwaka wa 2001, walikuta ukuta wa jengo la sinema umemezwa na mwanga mweupe uliotoka kwenye taa kali zilizowekwa chini sakafuni.

Kila aliyepita mbele ya taa hizo alikiona kivuli chake kikiruka hadi juu ya ukuta, kirefu kuliko twiga. Na ndani ya kivuli hicho, mahali palipokuwa peupe hapo awali, ilijitokeza sura ya mtu mwingine kabisa, ambaye hakuwepo uwanjani.

Kazi hiyo iliitwa Body Movies. Aliyeibuni ni Rafael Lozano-Hemmer, msanii aliyezaliwa jijini Mexico mwaka wa 1967 na kusomea kemia katika chuo kikuu mjini Montréal, Kanada, kabla ya kujitosa katika sanaa inayotumia tarakilishi. Ni ya sita katika mfululizo wa kazi zake zinazogeuza majengo ya umma kuwa mahali pa kukutanisha watu.

Kwa mtazamaji wa haraka, yalikuwa maonyesho ya taa tu. Hata hivyo, ndani yake mlikuwa na swali zito ambalo wanasayansi, wanasiasa na walimu wamelitafakari kwa muda mrefu: je, watu wasiojuana, wasio na kiongozi wala mkutano, wanaweza kulitatua tatizo moja kwa pamoja?

Makala haya yanaeleza jinsi sanaa ya aina hii inavyofanya kazi, ilikotoka, inachotufunza kuhusu ushirikiano, na hatari iliyojificha katika vifaa vyake.

SANAA YENYE MWENDO

Kwa karne nyingi, sanamu ilikuwa kitu kilichotulia. Mtu aliizunguka, akaitazama, akaondoka nayo ikabaki vilevile. Mwanzoni mwa karne ya 20, baadhi ya wasanii wa Ulaya waliuasi utulivu huo.

Mwaka wa 1920, Mrusi Naum Gabo alitengeneza ufito wa chuma uliotetemeshwa na mota hadi ukaonekana kama wimbi lililosimama hewani. Miaka 10 baadaye, László Moholy-Nagy kutoka Hungaria alionyesha mjini Paris mtambo wa chuma na kioo uliozunguka huku ukitupa nuru na vivuli kwenye kuta za chumba. Naye Jean Tinguely wa Uswisi, mnamo Machi 1960, aliunda mtambo mkubwa katika bustani ya jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa jijini New York, ambao kazi yake ilikuwa kujiharibu wenyewe mbele ya wageni.

Kazi hizo zote zilikuwa na mwendo, lakini mwendo huo ulitoka kwa mota. Mtazamaji alibaki mtazamaji. Kamera na tarakilishi zilipoingia, mambo yaligeuka: mtambo ulipata jicho, na mwili wa mtazamaji ukawa ndio mota.

FUMBO LA ROTTERDAM

Ili kulielewa fumbo la Lozano-Hemmer, ni muhimu kufahamu kwamba katika uwanja ule mlikuwa na nuru za aina mbili zilizoshindana.

Ya kwanza ilitoka kwenye projekta zilizowekwa mahali pa juu, zikielekezwa na mitambo. Hizi zilirusha ukutani picha za watu zilizopigwa barabarani katika miji ya Rotterdam, Madrid, Mexico na Montréal. Picha hizo zilikuwa zaidi ya 1,000.

Ya pili ilitoka kwenye taa za xenon zilizokaa chini. Mwanga wake ulikuwa mkali kiasi cha kuzifuta picha zile zisionekane, kama vile jua la mchana linavyozifuta nyota.

Mtu aliposimama kati ya taa za chini na ukuta, mwili wake ulizuia mwanga mkali. Kivuli kikaanguka ukutani, na ndani ya kivuli hicho tu picha iliyofichika ikaonekana. Kwa maneno mengine, kivuli, ambacho kwa kawaida huficha, hapa kilifichua.

Sasa fumbo lenyewe. Kwa wakati mmoja ukuta ulikuwa na picha kadhaa, nyingine ndogo na nyingine kubwa sana, zimetawanyika huku na huko. Kamera zilifuatilia vivuli, nayo tarakilishi ikalinganisha mahali vilipo na mahali picha zilipo. Ikiwa vivuli vya watu vilizifunika picha zote za mandhari hiyo kwa pamoja, ukuta uliingia giza kwa muda mfupi, kisha picha mpya zikatokea mahali pengine.

Mtu mmoja hangeweza. Angeifichua picha moja au mbili, lakini nyingine zingebaki zimezama ndani ya mwanga. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ugumu wa pili ulikuwa kwamba bidii ya mmoja iliweza kumharibia mwingine. Aliyesimama karibu mno na taa alitupa kivuli kikubwa kilichomeza vivuli vya wenzake, hivi kwamba umbo lake pekee ndilo lililobaki ukutani. Ili kundi lifaulu, iliwabidi baadhi ya watu wasogee mbele, wengine warudi nyuma, na wengine watoke kabisa. Kujiondoa pia kulikuwa mchango.

Hakuna aliyetoa amri. Hapakuwa na kipaza sauti wala mwelekezi. Watu walijifunza kanuni kwa kutazama ukuta na kuona matokeo ya kila hatua.

HESABU YA KIVULI

Wahenga walisema kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Mti huo mrefu humnyima kivuli aliyeketi shinani pake, ukampa aliye kando. Wahenga walikuwa wamekwisha kuitambua fizikia ambayo kazi hii imejengwa juu yake: kivuli huangukia wapi, na kwa ukubwa gani, ni suala la mahali nuru ilipo.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Taa ikiwa sakafuni, urefu wa kivuli ukutani ni urefu wa mtu ukizidishwa kwa umbali wa taa hadi ukutani, kisha ukagawanywa kwa umbali wa taa hadi kwa mtu.

Tuchukue mfano wa taa iliyo mita 40 kutoka ukutani. Mtu mwenye kimo cha mita 1.75 akisimama mita 20 kutoka kwenye taa, kivuli chake kitakuwa na urefu wa mita 3.5. Akisogea hadi mita 10, kivuli kitafika mita 7. Akisogea hadi mita 4, kitafika mita 17.5. Akienda hadi ukutani, kitalingana na kimo chake mwenyewe.

Vivuli vya Body Movies vilianzia takriban mita 2 hadi mita 25, kulingana na mahali mtu aliposimama, na ukuta wenye picha ulikuwa na eneo la kati ya mita mraba 400 na 1,800, kutegemea mji ambamo kazi ilionyeshwa.

Kutokana na hesabu hiyo, mtoto mdogo aliyeketi karibu na taa angeweza kuwa jitu, naye mtu mzima aliye karibu na ukuta akawa kama kidoli mkononi mwake. Ukubwa haukutokana na umri, mali wala cheo. Ulitokana na mahali mtu alipochagua kusimama, na angeweza kubadilisha uamuzi huo baada ya hatua tatu.

Lozano-Hemmer alieleza kuwa wazo lilimjia kutokana na mchoro wa Samuel van Hoogstraten, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, unaoonyesha waigizaji mbele ya taa iliyo chini, vivuli vyao vikigeuka kuwa mashetani au malaika kulingana na ukubwa. Kazi ya kisasa kabisa ilichota maji katika kisima cha zamani.

JICHO LA MTAMBO

Msomaji huenda akajiuliza ni vipi tarakilishi inajua kivuli kiko wapi. Kamera haioni watu kama sisi tunavyowaona. Huona vidoto vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa na kiwango chake cha mwangaza, kutoka cheusi hadi cheupe.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha. Tarakilishi hukumbuka jinsi ukuta ulivyo pasipo mtu yeyote, kisha hulinganisha picha hiyo na ile inayopokelewa sasa. Vidoto vilivyobadilika kutoka vyeupe hadi vyeusi ndivyo kivuli.

Hatua ya pili ni kukusanya. Vidoto vyeusi vilivyopakana huhesabiwa kuwa umbo moja, na programu hupima umbo hilo limekaa wapi na lina ukubwa gani.

Hatua ya tatu ni kuamua. Programu huuliza: je, picha hii imefunikwa? Na ile je? Jibu likiwa ndiyo kwa zote, amri hutolewa na mandhari hubadilika.

Mzunguko huu hurudiwa mara nyingi kwa sekunde. Ukichelewa, mchezaji hupoteza imani, kwa kuwa akili ya mwanadamu hukubali kwamba imesababisha jambo pale tu tendo na tokeo vinapofuatana kwa karibu. Katika ushirikiano, kasi ya mrejesho ni muhimu sawa na nia njema.

MIKONO ILIYOGUSANA KWA MBALI

Mizizi ya sanaa hii inarudi nyuma hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani. Huko, mtaalamu wa tarakilishi Myron Krueger alianza kubuni vyumba vinavyomjibu anayeingia.

Mwaka wa 1969 alishiriki kuunda Glowflow, chumba chenye mirija ya nuru. Mwaka wa 1970 ikafuata Metaplay, ambapo picha ya mgeni iliyonaswa na kamera ilichanganywa na michoro iliyochorwa na mtu aliyekaa jengo jingine, yapata kilomita moja na nusu kutoka hapo.

Katika matayarisho ya siku hizo, lilitokea tukio dogo lililozaa makubwa. Krueger na mwenzake walikuwa wakisaka hitilafu katika upitishaji wa data kati ya majengo hayo mawili. Kwa kuwa nyaya za video tayari zilikuwepo, waliamua kuzitumia. Kila mmoja akiwa mahali pake, waliiangalia picha moja ya mawimbi ya data, huku taswira za mikono yao zikionekana juu yake, wakionyeshana kwa vidole palipo na tatizo.

Ghafla taswira ya mkono wa mmoja ikaipita ile ya mwenzake, naye mwenzake akauvuta mkono wake kana kwamba ameguswa. Umbali wote ule, na bado ngozi ilijihadhari.

Kutokana na hilo, Krueger alitambua kwamba picha ya mtu kwenye kioo ni sehemu ya mtu huyo kwa namna fulani. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 alikuwa ameanza kujenga Videoplace, kazi ambamo maumbo ya watu walio vyumba tofauti yalikutana ukutani na kucheza pamoja. Mwaka wa 1983 alichapisha kitabu, Artificial Reality, kueleza nadharia yake.

Inafaa kukumbukwa kwamba wazo hili halikuzaliwa wakati wa burudani. Lilizaliwa wakati watu wawili walikuwa wakihangaika kutatua tatizo.

UMATI WA LAS VEGAS

Iwapo Krueger aliwakutanisha watu wawili, Loren Carpenter aliwakutanisha maelfu. Carpenter, mmoja wa waasisi wa kampuni ya filamu ya Pixar, aliendesha jaribio maarufu mwaka wa 1991 katika kongamano la wataalamu wa michoro ya tarakilishi, Siggraph, mjini Las Vegas.

Ukumbini mlikuwa na watu karibu 5,000. Kila mmoja alikuta kijiti chenye kibao, upande mmoja rangi nyekundu na mwingine kijani. Kamera iliwatazama wote, na projekta ikaonyesha mbele yao ramani ya ukumbi, kila kijiti kikiwa nukta moja ya rangi. Hakuna aliyepewa maelezo marefu. Watu waligeuza vijiti, wakaziona nukta zao zikibadilika, wakaelewa.

Kisha ukatokea mchezo wa Pong, ule wa kale wa kupiga mpira kwa kibao kwenye kioo. Nusu ya ukumbi iliongoza kibao cha kushoto, nusu nyingine cha kulia. Rangi moja ilikipandisha, nyingine ilikishusha, na tarakilishi ikachukua jumla ya maelfu ya maamuzi. Jambo la kushangaza ni kwamba walicheza vizuri. Hata kasi ya mpira ilipoongezwa, umati uliweza kuifuata.

Carpenter aliwapa pia kazi ya kuunda tarakimu kwa kutumia nukta zao, nazo zikajitokeza ukutani, japo hakuna mtu aliyewapanga watu katika safu.

Hatimaye waliletewa ndege ya kuigiza. Upande mmoja wa ukumbi ulidhibiti mlalo wa mabawa, upande mwingine ukadhibiti kuinuka na kushuka kwa pua ya ndege. Hapo mambo yakawa magumu. Ndege iliyumba, ikakaribia uwanja wa kutua ikiwa imeinama, na umati ukaiinua tena kabla ya kugusa ardhi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

KWA NINI WENGI HUPATIA, NA LINI HUKOSEA

Matokeo hayo mawili, ushindi katika mpira na tabu katika ndege, yanastahili kufafanuliwa.

Mwaka wa 1906, kwenye maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukisia uzani wa nyama ya fahali baada ya kuchinjwa na kutengenezwa. Msomi Francis Galton alizichambua kadi 787 na kuchapisha matokeo mwaka uliofuata. Kisio lililokaa katikati kabisa, yaani lililopitwa na nusu na kuzidi nusu, lilikuwa ratili 1,207. Uzani halisi ulikuwa ratili 1,198. Kosa la umati halikufika asilimia 1.

Sababu ni kwamba makosa ya watu hukinzana. Mmoja huzidisha, mwingine hupunguza, na katika jumla hufutana. Lakini hilo hutegemea sharti moja kuu: kila mtu aamue kivyake. Wakianza kuigana, makosa yao huelekea upande mmoja na hayafutani tena.

Katika mpira wa Las Vegas, kosa lilikuwa dogo na lilionekana mara moja, kwa hiyo lilirekebishwa kabla halijakua. Katika ndege, chombo huchukua muda kuitikia amri. Watu 5,000 waliona ndege imeinama, wakairekebisha wote kwa pamoja, na marekebisho yakapita kiasi. Wakarekebisha tena, yakapita kiasi upande wa pili. Kilichowaponza ni kufikiri sawasawa kwa wakati mmoja, ilhali jawabu lilikuwa linachelewa.

Body Movies inatofautiana na jaribio hilo katika jambo la msingi. Las Vegas, sauti zilijumlishwa, na mchango wa mmoja ulikuwa sawa na wa mwingine. Rotterdam, kila mtu alihitajika mahali tofauti, kwa ukubwa tofauti. Kundi lote likifanya jambo moja, lingeshindwa.

Ushirikiano una sura hizo mbili. Kuna ule wa kuvuta kamba, ambapo kila mkono hufanya kazi ileile na nguvu huongezeka. Na kuna ule wa kujenga nyumba, ambapo mmoja hukanda udongo, mwingine hufunga fito na mwingine huezeka. Kosa la kawaida katika mashirika, vyama na hata familia ni kutumia dawa ya kamba kutibu tatizo la nyumba: kuongeza idadi ya watu pale panapohitajika mgawanyo wa kazi.

WALIOLIKATAA FUMBO

Ni haki kueleza kwamba si wote walioingia uwanjani waliojali picha zilizofichwa. Wengi walisahau kabisa kwamba kulikuwa na fumbo. Badala yake walicheza. Aliye na kivuli kikubwa alijifanya kuwabeba wadogo kiganjani, mwingine akajifanya kumkanyaga rafiki yake, na wageni wasiojuana wakaigiza visa vya papo kwa papo ukutani bila kusema neno.

Mwaka wa 2002, kazi hiyo ilipopelekwa Lisbon, Ureno, na Liverpool, Uingereza, msanii alitarajia kwamba Wareno wangechangamka nao Waingereza wangejitenga. Baadaye alisimulia kwamba mambo yalikwenda kinyume. Wa Lisbon walijihadhari vivuli vyao visigongane na vya wengine, ilhali wa Liverpool waliingia mchezoni bila haya.

Kuna funzo hapa kwa wanaopanga miradi ya jamii. Mbuni anaweza kuandaa uwanja, taa na kanuni, lakini hawezi kuamua watu watathamini nini. Kabla watu hawajakubali kutatua tatizo pamoja, mara nyingi huhitaji kwanza kuzoeana, na mchezo ni njia mojawapo ya kuzoeana. Waliocheza kwa vivuli huenda walikuwa wakijenga kile ambacho fumbo lilihitaji.

Mahali penyewe pia palikuwa na maana. Katikati ya Rotterdam paliteketezwa kwa mabomu ya Ujerumani mnamo Mei 14, 1940, na mji ukajengwa upya juu ya majivu. Uwanja wa Schouwburgplein ni sehemu ya mji huo mpya. Kuwapa wakazi sababu ya kusimama humo pamoja usiku halikuwa jambo dogo.

KAMERA NI YA NANI?

Hata hivyo, sifa hizi zisitupofushe. Vifaa vilivyotumika Rotterdam, yaani kamera, programu ya kutambua maumbo na tarakilishi inayotoa uamuzi, ni vya ukoo mmoja na vile vinavyotumika kuwachunguza watu mijini.

Tofauti iko katika kinachotazamwa na anayefaidika. Katika Body Movies, tarakilishi ilihitaji kivuli tu. Kivuli hakina jina, hakina nambari ya kitambulisho, na hutoweka mtu anapoondoka. Mfumo unaosoma sura, kwa upande mwingine, humhifadhi mtu hata baada ya kwenda zake.

Lozano-Hemmer mwenyewe hakulikwepa suala hilo. Katika Under Scan, kazi aliyoionyesha Uingereza mwaka wa 2005 na kisha katika uwanja wa Trafalgar jijini London mwaka wa 2008, picha za watu zilijitokeza sakafuni ndani ya vivuli vya wapita njia. Kila baada ya muda, picha hizo zilitoweka na uwanja ukajaa mistari ya mwanga iliyoonyesha wazi jinsi mtambo ulivyokuwa ukimfuatilia kila mtu. Aliyekuwa akiburudika alikumbushwa kwamba alikuwa akitazamwa.

Mwaka wa 2015 alikwenda mbali zaidi. Wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa nchini Mexico walikuwa wametoweka mnamo Septemba 26, 2014 baada ya kukamatwa mjini Iguala. Miezi 6 baadaye alitoa kazi iitwayo Level of Confidence, ambamo kamera humtazama mgeni na programu ya kutambua sura humtafutia mwanafunzi anayefanana naye zaidi, pamoja na kiwango cha uhakika. Programu za aina hiyo kwa kawaida huwasaka washukiwa. Hii inawatafuta waliodhulumiwa, na humfanya kila mgeni aione sura ya mwanafunzi aliyetoweka kando ya yake.

Hivyo basi, swali la kuuliza kuhusu kamera yoyote iliyo mahali pa umma ni: inatafuta nini, inahifadhi nini, na aliye mbele yake anaweza kuona kile inachokiona?

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi funzo hili hahitaji kamera wala projekta ya gharama. Taa moja yenye mwanga mkali, ukuta mweupe au shuka, na chaki vinatosha.

Taa iwekwe sakafuni mita 6 kutoka ukutani, chumba kiwe na giza. Ukutani pachorwe maumbo manne ya watu, yenye kimo cha mita 1.5, mita 1.8, mita 2 na mita 2.25, yakiachana. Kundi la wanafunzi lipewe sharti moja: vivuli vyao viyajaze maumbo yote kwa wakati mmoja, pasipo mtu kuzungumza.

Kwa kanuni tuliyoitaja, mwanafunzi mwenye kimo cha mita 1.5 atalijaza umbo la mita 2.25 akisimama mita 4 kutoka kwenye taa, na lile la mita 1.8 akisimama mita 5. Umbo la mita 2 litamtaka asimame mita 4.5, na lile dogo kabisa litamtaka aende hadi ukutani. Waachwe wagundue wenyewe, kisha wapige hesabu baadaye.

Mwalimu aangalie mambo matatu: ni nani aliyetambua wa kwanza kwamba kivuli chake kinamzuia mwenzake, ni nani aliyerudi nyuma bila kuambiwa, na kundi lilichukua muda gani kabla ya kuacha kusukumana. Jaribio likirudiwa na wanafunzi walewale wakiruhusiwa kuzungumza, muda wa mara zote mbili ulinganishwe.

Wengi hudhani kuwa kushirikiana ni kila mtu kujitokeza mbele. Ukuta utawaonyesha kwamba picha haikamiliki mpaka mmoja wao akubali kuwa mdogo kwa muda.